Moduli za pip na za apt zimegongana
SWALI: Habari fundi, natumia Ubuntu 22.04. Juzi niliweka requests mpya (moduli ya Python ya kuongea na tovuti) kwa sudo pip, yaani pip, kiweka moduli cha Python, nikiwa na nguvu za msimamizi, sababu ile ya apt, kiweka programu cha Ubuntu, ilikuwa ya kitambo, sasa kuna programu hazifunguki na apt inasema kila kitu kiko sawa. Nifute Ubuntu nianze upya?
– Msomaji, Umoja, Nairobi

JIBU: Pole sana ndugu yangu, usifute kitu! apt haikudanganyi, yenyewe inajua faili zake tu, zile za /usr/lib/python3/dist-packages, na bado ziko, shida ni kwamba pip ukiipa sudo inaweka zake ndani ya /usr/local/lib na Python inaanza kutafuta huko kwanza, kwa hivyo programu iliyozoea toleo la zamani inapewa jipya na inaanguka. Andika sudo pip uninstall requests, ya apt itarudi kuonekana. Kama moduli zingine ziliingia pamoja nayo, kama urllib3, zitoe pia.

Kuanzia leo kila projekti ipe chumba chake: weka python3-venv kwa apt, halafu python3 -m venv kazi (kazi ni jina la chumba tu), kisha source kazi/bin/activate, hapo pip haihitaji sudo kabisa. Ndio, bando itaumia kidogo ukidaunlodi tena, lakini mfumo hautaguswa.

Debian 12 ya mwaka 2023 (Debian ndiyo mfumo ambao Ubuntu imejengwa juu yake) yenyewe inakataa pip kuingilia mfumo, na mimi naona walifanya vizuri. Tafadhali usiilazimishe kwa --break-system-packages, soma tu hilo jina: "vunja vifurushi vya mfumo".