Bunduki ya zamani: weka msasa chini kwanza

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya kutunza vitu vya kale hapa Lubumbashi, mtaletewa bunduki. Familia itasema ni ya babu aliyekuwa askari wa Force Publique, jeshi la Kongo wakati wa ukoloni wa Wabelgiji, na ombi lao litakuwa lilelile: "Muisafishe ing'ae." Chuma kitakuwa na madoadoa, mti umechubuka, na kwenye meza yenu kuna msasa na vernishi. Hapo ndipo kazi huharibika.

Kwanza, risasi na karatasi. Asiguse mtu mpaka anayejua silaha ahakikishe haina kitu ndani. Karatasi za kisheria zishughulikiwe na mkuu wako pamoja na mamlaka. Bunduki ni silaha hata ikiwa na miaka mia, na haizungushwi mjini kwenye mfuko.

Sasa itazame. Kama ni Mauser ya Ubelgiji ya 1889, yenye risasi za milimita 7.65, una historia nzito mkononi. Kiwanda cha FN kilianzishwa mwaka huohuo wa 1889 kule Herstal, karibu na Liège, ili kitengeneze bunduki hizo 150,000 kwa ajili ya jeshi la Ubelgiji. Baadaye aina hiyo ilifika mikononi mwa askari wa Kongo, wale ambao jeshi lao liliingia Tabora Septemba 1916. Tafuta namba ya matrikule, mihuri ya wakaguzi kwenye chuma na kwenye mti, na herufi F.P. kama zipo. Tafuta pia jina lililochongwa kwa kisu, au ufa uliofungwa kwa waya. Waya ule usiutoe! Askari aliyeufunga hakuacha barua wala picha; labda hiyo ndiyo alama pekee ya mkono wake iliyobaki duniani.

Msasa unafuta hayo yote kwa nusu saa. Na aliyezoea ataujua mara moja. Kiwandani mti uliachwa ukiwa juu kidogo ya chuma pale vinapokutana. Ukishapigwa msasa unashuka chini ya chuma, na kidole kinahisi ngazi. Mashine ya kung'arisha nayo inafanya butu kona zilizokuwa kali, inapanua midomo ya matundu ya skrubu, na herufi za mihuri zinabaki kama zimeyeyuka. Ukipaka bronzaji mpya, ile dawa ya kutia chuma weusi, juu ya hapo, unapata weusi mzuri juu ya bunduki isiyosema tena ilikotoka. Wakusanyaji hushusha bei yake sana, lakini mimi bei hainiumizi kama ule ushahidi uliopotea.

Kuacha asili hakumaanishi kuacha kutu iendelee kula chuma. Futa kwa kitambaa cheupe: kikitoka na unga wa rangi ya machungwa, kutu iko hai na lazima isimamishwe. Ile ya kahawia iliyokolea, ngumu, isiyotoa unga, iache. Imekuwa ngozi ya chuma. Iliyo hai ilowanishe mafuta mepesi, ngoja mpaka kesho yake, kisha kwangua taratibu kwa kipande cha shaba nyekundu kilichopondwa kikawa bapa. Shaba ni laini kuliko chuma cha bunduki, inaondoa kutu bila kukikwaruza. Na shaba katika mji huu haitafutwi mbali.

Kuna sehemu moja inayodanganya watu. Mauser ya 1889 ina bomba jembamba la chuma linaloufunika mtutu. Nje linaweza kuwa safi, kumbe ndani unyevu umekaa miaka na kutu inakula mtutu kimyakimya. Usilifungue kwa nguvu. Mpe fundi mwenye uzoefu, naye asipokuwepo, bunduki ikae mahali pakavu ikimsubiri.

Mti haudai mengi: vumbi kwa brashi laini, kitambaa chenye unyevu kidogo, kisha nta nyembamba. Usiuanike juani wakati wa kiangazi, utapasuka. Mvua zikianza Novemba hewa inabadilika, kwa hiyo hifadhi mahali ambapo unyevu hauzidi asilimia 50, na shika chuma kwa glavu, kwa sababu jasho lina chumvi na alama ya kidole huota kutu.

Je, kuna bunduki ya kufanywa upya? Ipo. Ile ambayo mtutu ulishakatwa kwa ajili ya uwindaji, mti ulishapakwa vernishi ya milango na mihuri ilishasagwa, haina asili kubwa ya kulinda. Hiyo mnaweza kujifunzia, mkuu wenu akikubali.

Kwa nyingine zote, piga picha pande zote kabla ya kuanza, na kwenye fishi, yaani karatasi ya kumbukumbu ya bunduki hiyo, uandike kila ulichopaka, jina la mafuta, jina la nta na tarehe. Atakayeipokea baada yako atahitaji kujua namna ya kukiondoa.