Barua kwa mwanangu: Kuuliza si kumtukana mpishi

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma, mama yako akaisoma, kisha nikairudia peke yangu usiku. Unasema tangu daktari akuthibitishie kwamba una ugonjwa wa seliaki, huu wa utumbo kuumizwa na ngano, umekuwa mtu wa kugeuzageuza kijiko kabla ya kukitia mdomoni. Unaamka usiku ukiwaza mchuzi wa mchana ulikuwa na nini. Wakwe zako wamekualika ukakae kwao mwisho wa mwezi, nawe unafikiria kuwaambia unaumwa ili usiende. Halafu unaniuliza: "Baba, hofu hii itaniisha lini?"

Nitafika huko. Kwanza kuna jambo lililonikaa rohoni tangu ulipokuwa shuleni.

Kliniki ile unaikumbuka. Ulikuwa umepauka, kucha zinakatika, ukirudi shule unalala hata sare hujavua. Vidonge vya kuongeza damu ulivimeza mpaka ukavichukia. Damu ilipanda kidogo, ikashuka tena. Yule daktari hakukugusa hata tumbo. Alikutazama, akatugeukia sisi, akasema binti yenu hana ugonjwa, ana wasiwasi tu, mpunguzieni masomo. Nilikuona ukiinamisha kichwa. Mama yako akasema kwa sauti ya chini kabisa: "Daktari, samahani, naomba kuuliza. Wasiwasi ndio unaommaliza damu?" Yule bwana akakunja uso kana kwamba ametukanwa. Mama yako akasubiri, kisha akauliza tena, maneno yaleyale, sauti ileile.

Jibu hatukupata. Tulitoka na karatasi ya vidonge vilevile, na miaka ikapita kabla hujampata daktari aliyekupima kingamwili, akaingiza kamera mpaka kwenye utumbo mwembamba, akachukua vipande vidogo vikatazamwe kwa hadubini. Hasira ya siku ile haijanitoka. Lakini nikimkumbuka mama yako alivyokaa pale na mkoba wake mapajani, akingoja ajibiwe, najisikia fahari hadi leo.

Kwa hiyo nilipokuta umeandika kwa mkono wako mwenyewe kwamba una wasiwasi, nilichemka. Nikajiuliza nani tena amemwambia mwanangu hivyo. Kisha nikabishana na nafsi yangu. Kumtaja mtu kuwa na wasiwasi si dhambi. Kilichotuumiza ni kwamba yule daktari alitaja wasiwasi ili asitafute zaidi. Wewe una wasiwasi kweli, na una sababu: umeambiwa kwamba ngano, shayiri na nafaka iitwayo rai, vitu ulivyokula maisha yako yote, vinaufanya mwili wako uushambulie utumbo wake wenyewe. Nani asingetetemeka? Na bado nasema, tafuta zaidi. Mwombe daktari aangalie madini ya chuma na vitamini B12, maana upungufu wake huchosha hata akili. Aangalie na tezi ya thairoidi, ile ya shingoni. Matatizo ya tezi hiyo huwapata wenye seliaki mara nyingi kuliko watu wengine, na ikifanya kazi kupita kiasi moyo hudunda na mikono hutetemeka hata mtu asipokuwa na la kumtisha. Usikubali kuambiwa ni mawazo kabla hayo hayajapimwa.

Unanijua, nikishikwa na jambo nalisoma. Nimesoma habari za daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Karel Dicke. Inasimuliwa kwamba katika miaka ya 1930 alimsikia mama mmoja akieleza kuwa mwanawe akiondolewa mkate hupata nafuu. Dicke alimsikiliza! Akaanza kuwalisha watoto wagonjwa chakula kisicho na ngano na kufuatilia hali zao. Ilipofika njaa kubwa ya majira ya baridi ya 1944 na 1945, mkate ukaadimika nchini kwao, na watoto wenye seliaki wakawa na nafuu katikati ya dhiki ile. Mkate uliporudi, wakaugua tena. Tasnifu yake aliitoa Chuo Kikuu cha Utrecht mwaka 1950. Kabla yake madaktari walikuwa wakibahatisha, wengine wakiwalisha watoto ndizi kwa wingi, na watoto walikufa bila mtu kujua adui ni nani. Wewe adui yako unamjua. Nilipomsomea mama yako habari ya yule mama na mkate, alinyamaza muda mrefu.

Ndiyo maana nakwambia, na nitakwambia tena: kuuliza si kumtukana mpishi.

Hofu yako inahitaji kipimo, na kipimo kipo. Viwango vya kimataifa vinataka chakula kilichoandikwa kuwa hakina gluteni kisizidi miligramu 20 za gluteni, ile protini ya ngano, shayiri na rai inayokudhuru, kwa kilo. Kwa wagonjwa wengi, miligramu 10 hivi kwa siku hazidhuru utumbo. Kipande kimoja cha mkate kina gramu 2 au zaidi, yaani mara 200 ya hizo. Kwa hiyo makombo ndani ya siagi ni jambo la kweli. Chujio lililotumika kwa tambi ni jambo la kweli. Mafuta yaliyokaangiwa vitu vya unga wa ngano pia, kwa sababu moto hauiondoi gluteni. Lakini kijiko kilichooshwa vizuri kwa sabuni na maji hakina haki ya kukunyima usingizi. Wala gluteni haipenyi ngozi. Ukigusa unga, nawa mikono, basi.

Kwa wakwe zako, usiulize kama chakula kina gluteni. Watu wengi watasema hapana kwa nia njema kabisa, kwa kuwa hawaijui. Uliza vitu vinavyoonekana. Mchuzi mmeufanya mzito kwa unga gani? Mafuta haya yamekaangia nini leo? Mmetia mchuzi wa soya? Maana ule wa kawaida hutengenezwa kwa ngano. Ubao wa kukatia ndio uliokatiwa mkate? Mpigie mama mkwe simu kabla hujafika, wakati hajawasha jiko na hana wageni wa kuwahudumia. Mwambie ni ugonjwa, umepimwa, na hata kipande kidogo cha kuonja kinakudhuru, hata kama hutaanguka mezani. Wengine hawaoni dalili yoyote huku utumbo unaendelea kuumia, na hapo ndipo watu husema "mbona alikula na hakuwa na kitu".

Lakini mwanangu, hata hili nalibishania. Nimekusifia kuuliza miaka yote, na sasa nakuona unauliza sahani iliyokwisha kujibu. Je, nalo ni la kusifiwa? Nadhani hapana. Ukishauliza, ukajibiwa na mtu anayeelewa, kula. Ukiona unaacha hata vyakula visivyo na shida, unapungua uzito, unakataa kila mwaliko, basi utafute mtaalamu wa lishe anayeujua ugonjwa huu, na mshauri nasaha pamoja naye. Nakusihi usione kwamba yule daktari wa zamani ameshinda. Yeye alikutuma nyumbani. Mshauri huyu atakaa nawe.

Unataka kujua lini. Utumbo wa mtu mzima huchukua muda kupona, mara nyingi zaidi ya mwaka, na kwa wengine miaka kadhaa. Sioni kwa nini roho ihimizwe iutangulie utumbo. Vipimo vya damu vitakavyorudiwa baada ya miezi sita, kisha mwaka, vitakuonyesha kama kingamwili zinashuka, na nadhani karatasi ile itakutuliza kuliko maneno yangu yote.

Kuhusu kwenda au kutokwenda, jibu ninalo na linaniwasha ulimini. Mama yako amenikataza kuliandika, kwa kuwa ni wewe utakayeketi mezani pale. Ninalomeza kwa shida ni moja tu, nalo nitalisema hata mama yako akikasirika: usiwaambie unaumwa malaria au kichwa. Kama huendi, waambie sababu yenyewe.

Daktari wako amesema ndugu wa damu wa karibu tupimwe, kwa kuwa kwetu mwenye ugonjwa huu huwa kama mmoja kati ya kumi, wakati kwa watu wote ni kama mmoja kati ya mia. Mimi, mama yako na kaka yako tunakwenda wiki ijayo. Mpaka hapo tunaendelea kula mkate kama kawaida, maana ukiacha ngano kabla ya kipimo kingamwili hushuka na majibu hupotosha. Kaka yako alitaka kuacha mara moja kukuunga mkono. Nimemwambia asubiri apimwe kwanza.

Mama yako anauliza kama umeshapimwa uimara wa mifupa. Utujibu hilo kabla ya habari za wakwe.

Baba yako