Nikiinua mkono, gauni lote linapanda

SWALI: Shikamoo mama. Najishonea nyumbani, paterni nachora mwenyewe kwenye magazeti. Gauni langu la kitenge linakaa vizuri nikisimama, ila nikishika bomba la juu kwenye daladala linapanda lote na kwapa linabana. Nimechimba tundu la mkono zaidi, ndiyo limezidi. Nifanyeje?
Msomaji, Mbagala

JIBU: Marahaba mwanangu. Kuchora paterni yako mwenyewe ni kazi ya heshima, usiiache.

Wengi likibana wanachimba. Kumbe tundu likishuka, mkono unaungana na gauni chini ubavuni, hivyo ukiuinua unavuta gauni zima. Kwenye paterni, tundu lipandishe: kwapani acha kama inchi 1 tu kutoka mwilini. Kisha kichwa cha mkono, yaani ule upinde wa juu wa mkono wa gauni unaoshonwa kwenye tundu, kipunguze kimo kwa nusu inchi na upana uongeze. Zungusha futi kamba kwenye tundu na kwenye kichwa; kichwa kizidi kidogo tu. Upinde wa mbele uingie ndani kuliko wa nyuma, maana mgongo unahitaji nafasi. Hapa ndipo magauni mengi mazuri yanapoharibikia, na inaniuma.

Hilo lililokwishakatwa usilitupe. Fumua kwapani, shonea kipande cha pembe nne kilichokatwa upande, yaani mshazari. Kitambaa kilichokatwa hivyo huvutika.

Lijalo lijaribu kwanza kwa kitambaa cha marekani, au shuka kuukuu, ulivae na kuinua mikono yote miwili. Na kitenge cha pamba kifue kabla ya kukata, kwani hurudi.