Mbwa wako kapata mimba? Usianzie kwa jirani

Juzi usiku niliandikiwa na msomaji mmoja, na kaniruhusu niuweke ujumbe wake hapa mradi nisimtaje. "Dada, mbwa wangu kapandwa na dume la jirani. Nimewakuta wamenasana. Jirani anasema hayamhusu. Si haki tugawane gharama nusu kwa nusu?"

Nilicheka, kisha kicheko kikanikauka. Miaka minne iliyopita ningeweza kuuandika ujumbe huo mimi mwenyewe, mpaka hapo kwenye nusu kwa nusu.

Mnaonisoma siku nyingi mnamjua Shani kama mbwa mtulivu anayelala miguuni pangu nikiandika. Sijawahi kuwaambia kwamba alizaa akiwa bado mtoto, na kwamba aliyesababisha ni mimi.

Alikuwa na miezi minane. Asubuhi moja nikaona matone ya damu sakafuni, nikadhani kajikata. Nikamkagua miguu yote minne, mizima. Ndipo nilipoona kavimba sehemu za nyuma nikaelewa kwamba kaingia joto, yaani siku zake za kutafuta dume. Nikamfungia ndani, na kwa siku nane nzima nilijisifu kwa kila aliyekuwa tayari kunisikiliza: mimi si kama wale wanaoacha mbwa wao wazurure. Siku ya tisa damu ikapungua, ikabaki majimaji mepesi ya rangi ya majani makavu. Nikashusha pumzi. Yamekwisha. Nikamfungulia mlango.

Jamani, siku yenyewe ndiyo hiyo! Joto la mbwa huchukua wiki mbili hadi tatu. Siku za mwanzo, zile za damu nyingi, jike huwavutia madume lakini huwafukuza kwa meno. Damu inapofifia ndipo anaposimama, akasogeza mkia pembeni na kukubali. Mimi nilimlinda wakati alipokuwa akijilinda mwenyewe, nikamwachia wakati alipohitaji ulinzi wangu. Nikirudia jambo moja tu katika makala hii, nitarudia hili: kupungua kwa damu siyo mwisho wa joto. Hesabu wiki tatu kamili tangu tone la kwanza, na uziandike kwenye kalenda, usitegemee macho.

Nilipomkuta Shani kanasana na dume la jirani, nilitoka na ndoo ya maji kuwamwagia. Msifanye hivyo. Dume huvimba ndani ya jike, na ndiyo maana hunasana kwa dakika tano, wakati mwingine nusu saa au zaidi, mpaka uvimbe ushuke wenyewe. Ukiwavuta kwa nguvu unaweza kuwajeruhi wote wawili, na hutakuwa umezuia chochote kwa sababu mbegu zimeshaingia. Mshike jike wako atulie, subiri.

Nilichofanya baada ya hapo ndicho kinachoniumiza. Sikufanya kitu. Nilijiambia kwamba mara moja haitoshi, kwamba bado mdogo, kwamba huenda dume lenyewe ni zee. Nguvu zangu zote nikazipeleka kwenye ugomvi. Nilikwenda kwa jirani nikamwambia mbwa wake kavunja uzio wangu, akanijibu, "Dume ni dume, mama. Wewe ndiye mwenye jike." Nilirudi nyumbani nikitetemeka kwa hasira, na hasira hiyo ilinipa kazi kwa wiki kadhaa. Shani akinenepa, mimi natunga maneno ya kumwambia jirani.

Mimba ya mbwa ni takriban siku 63. Mwezi mmoja wa kujidanganya ni nusu ya safari! Nilipompeleka kwa daktari wa mifugo, chuchu zilikuwa zimeshajaa na tumbo linaonekana toka mlangoni. Daktari hakunigombeza, na heri angenigombeza. Alisema tu, "Ungekuja mapema tungekuwa na la kuchagua."

Maana yake nilikuja kuielewa baadaye. Ukienda siku zile za kwanza, daktari anaweza kupanga nawe: kumwondoa kizazi mimba ikiwa changa, au dawa ya kuikatisha, pale inapopatikana na chini ya uangalizi wake. Utrasaundi huonyesha mimba kuanzia kama wiki ya nne. Ila jihadhari na mtu wa kukuletea sindano ya haraka mlangoni. Zile sindano za zamani za homoni ya estrojeni zinaweza kumletea jike usaha katika mji wa mimba, hata kuharibu uboho unaotengeneza damu. Na ukiamua azae, basi umeamua. Usiseme "imetokea".

Shani alizaa usiku, kama wengi wao. Mchana ule joto la mwili lilishuka chini ya nyuzi 37, wakati kawaida yake ni 38 na kitu, na daktari alikuwa ameniambia kwamba likishuka hivyo, saa 24 haziishi. Wawili wa kwanza walikuja vizuri. Kisha akaanza kusukuma, akasukuma, hakuna kitu. Mimi nimekaa sakafuni namwambia "jitahidi mwanangu", kana kwamba tatizo ni uvivu. Nilisubiri karibu saa mbili kabla ya kupiga simu. Kumbe nusu saa ya kusukuma kwa nguvu bila mtoto kutoka inatosha kukupeleka kwa daktari mbio. Yule wa tatu alikuwa kakaa vibaya, alitolewa amekwisha kufa. Jumla walikuwa saba, wakabaki sita.

Wiki zilizofuata nazipitia haraka, mwenye mbwa anazijua: harufu, kelele, magazeti ya kubadilisha, dawa ya minyoo kuanzia wiki ya pili. Mama mwenyewe mtoto, anawatazama wanawe kama wageni waliokataa kuondoka. Kitu kimoja tu nisikiruke. Jike anayenyonyesha akianza kutetemeka, kukakamaa na kuhema bila sababu, huenda kalsiamu imeshuka mwilini, na hilo linaua. Watoe watoto kwenye nyonyo, nenda kwa daktari wakati huohuo, usingoje asubuhi.

Sasa turudi kwa jirani, maana hata aibu ina vichekesho vyake. Watoto walipofikisha wiki tatu nilimwita aje kuona kazi ya dume lake. Akainama, akawatazama mmoja mmoja. Wanne walikuwa sura ya dume lake kabisa, rangi ya kahawia na paji jeupe. Wawili walikuwa weusi, manyoya marefu kama blanketi. Akasimama akajipangusa magoti. "Hawa wawili si wangu."

Nilikasirika mpaka nikampigia daktari simu, na daktari akamtetea! Jike huendelea kupokea madume kwa siku kadhaa, na mbegu huweza kuishi ndani yake takriban wiki, kwa hiyo uzao mmoja unaweza kuwa na baba zaidi ya mmoja. Kwa maneno mengine, mlango niliufungua zaidi ya mara moja. Mpaka leo sijui baba wa wale weusi ni nani, na ile hesabu yangu ya nusu kwa nusu ilifia hapo.

Simaanishi kwamba mwenye dume hana lawama. Ana lawama kubwa, na "dume ni dume" ni maneno ya mtu asiyetaka kulipia kuhasiwa kwa mbwa wake. Dume asiyehasiwa husikia harufu ya jike kutoka mbali na atachimba, ataruka, atakaa na njaa. Mwenye dume anayejua hilo na bado anamwacha azurure amechangia kila mimba ya mtaa. Lakini mimba ikishaingia, iko ndani ya mbwa wako. Atakayeamka usiku ni wewe.

Na atakayekosea kuwagawa ni wewe. Hapa ndipo penye jeraha langu. Watoto wa mbwa wanapaswa kukaa na mama na ndugu zao mpaka wiki nane hivi, maana hapo ndipo wanapojifunza kutong'ata kwa nguvu na kutoogopa kila kitu. Mimi nilichoka wiki ya tano. Mtu akaja, ana maneno matamu, sikumuuliza hata anaishi wapi. Akaondoka na mmoja wa wale weusi, jike, mdogo kuliko wote. Nilipompigia simu wiki iliyofuata namba ilikuwa haipatikani, na haijawahi kupatikana tena. Watano wengine nawajua walipo, nina picha zao, na najivunia hilo, nisifiche. Waliowataka niliwatembelea nyumba kwa nyumba kabla ya kuwapa, na wote wawili waliochukua majike waliniahidi kuwafunga kizazi, wakatimiza. Ila nikihesabu vidole naanzia kwa yule ambaye hayupo.

Mmoja wa watano nilibaki naye, dume, na hapo karibu nirudie kosa. Mwana humpanda mama bila kujali, na kaka humpanda dada. Mbwa hawana ukoo. Nilimhasi kabla hajafikisha miezi sita, na Shani nikamfunga kizazi maziwa yalipokauka. Tena, dume aliyetoka kuhasiwa usimwamini siku hiyohiyo, kwani mbegu zilizobaki njiani zinaweza kutungisha mimba kwa wiki kadhaa. Na mkiambiwa jike lazima azae walau mara moja ili awe na afya, kataeni. Aliyefungwa kizazi kabla ya joto la kwanza hupunguziwa sana hatari ya uvimbe wa matiti. Muda unaofaa muulize daktari, maana mbwa wakubwa na wadogo hawalingani.

Nimemjibu yule msomaji: mpeleke kwa daktari kesho asubuhi, usingoje tumbo, na mpaka wiki tatu ziishe asitoke nje bila kamba mkononi mwako, kwa sababu anaweza kupandwa tena. Nikamweleza na habari ya wale weusi wawili.

Akarudisha maneno mawili tu. "Na jirani?"