Msifunge mlima, au basi fungeni Jumapili

Wiki iliyopita jarida hili liliuliza: "Je, mamlaka zifunge milima na maporomoko ya maji kwa watalii wakati wa mvua kubwa?" Nilipolisoma swali hilo nilikuwa na jibu la neno moja, nalo ni hapana, na nusura nilitume hivyo hivyo bila maelezo. Lakini mimi ni miongoni mwa Watanzania waliosoma Pune, katika jimbo la Maharashtra nchini India, na yeyote aliyesoma pale anajua kwamba mvua zikishaanza mwezi Juni, mji mzima huhamia milimani kila mwisho wa wiki, na wanafunzi kutoka kwetu huvutwa humo humo wapende wasipende. Kwa hiyo nitaeleza, ingawa ninaona tangu sasa kwamba nitakachojibu si kile hasa mlichouliza.

Nianze na mvua yenyewe, maana aliyezoea vuli na masika anaweza kudhani ni ya aina ile ile. Upepo unaoileta ni huu wetu wa kusi, uliokuwa ukirudisha majahazi India kutoka pwani ya Afrika Mashariki. Ukiisha kuvuka Bahari ya Arabu ukiwa umejaa unyevu, hukutana na ukuta wa milima ya Sahyadri, hulazimika kupanda, hupoa, na kumwaga sehemu kubwa ya mzigo wake pale pale ukingoni. Ndiyo maana Lonavala, mji ulio ukingoni mwa milima hiyo, hupata zaidi ya milimita 4,000 kwa mwaka, nyingi zikianguka kati ya Juni na Septemba, ilhali Pune, iliyo nyuma ya milima kwa mwendo wa treni usiofika saa mbili, haipati hata robo yake. Matokeo yake ni kwamba mtu huondoka Pune asubuhi chini ya manyunyu, amevaa raba na shati jepesi, kumbe anakoelekea ni gharika.

Huko ndiko iliko Lohagad, ngome iliyo juu ya kilima chenye urefu wa zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Shivaji, mwasisi wa dola ya Wamaratha, aliiteka mwaka 1648, akaitoa kwa Wamughal, watawala wa kaskazini mwa India, kwa mkataba wa Purandar mwaka 1665, akairudisha mwaka 1670. Tangu Julai 2025 imo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, pamoja na ngome nyingine kumi na moja za Wamaratha. Nasema haya kwa sababu moja tu, kwamba ile si sehemu iliyojengwa kwa ajili ya matembezi.

Tulikwenda huko Jumapili moja ya Julai: sisi Watanzania, rafiki yetu wa Mombasa, na mwanafunzi mwenzetu mwenyeji wa Satara aliyetushawishi sote. Tulishuka treni kituo cha Malavli, tukavuka juu ya barabara kuu ya Mumbai na Pune, tukapita kijiji cha Bhaje na mapango yake ya Kibudha yaliyochongwa zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, ambayo hakuna aliyejali kuyatazama, tukapanda hadi kijiji cha Lohagadwadi kilicho chini ya ngome. Pale tulikula bhajia za vitunguu na mahindi ya kuchoma yaliyopakwa ndimu, chumvi na pilipili, yasiyo na tofauti yoyote na ya kwetu ila bei. Hadi hapo ningewapigania wanaotaka milima iachwe wazi mwaka mzima.

Ngome hupandwa kwa ngazi za mawe meusi yanayoota kuvu, na njia yake hupinda mara kwa mara kupitia malango manne: Ganesh, Narayan, Hanuman na Maha Darwaja, ambalo ndilo lango kuu. Kupinda huko kulikusudiwa. Adui aliyevunja lango la kwanza alijikuta amebanwa katika ujia mwembamba, ukuta ubavuni, huku walinzi wakimtazama kutoka juu. Ujia ule bado unafanya kazi yake, ila siku hizi unambana mtalii. Sisi tulibanwa mara tu baada ya lango la kwanza, pale wanaopanda walipokutana na wanaoshuka na kukawa hakuna pa kupishana. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba hukuweza kumwona mtu aliye ngazi chache mbele yako, kwa hiyo waliokuwa nyuma hawakujua kwamba mbele kumesimama, wakaendelea kusukuma. Maji ya rangi ya chai yaliteremka juu ya ngazi yakipita vifundo vya miguu. Mbele yangu alikuwapo baba aliyembeba mtoto mabegani, na mtoto ameshika mwavuli uliokwisha kupinduka. Kila upepo ulipovuma mwavuli ulimvuta mtoto, baba akayumba, na sisi tuliomwegemea tukayumba naye. Huko juu vijana walikuwa wakipaza sauti kumshangilia Shivaji na wengine wakiwaitikia, hivi kwamba hata mtu angeomba msaada asingesikika. Rafiki wa Mombasa akanigeukia akasema, "Ndugu yangu, hawa washuka, sisi twapanda, na mlango ni mmoja. Nani atampisha mwenziwe?"

Aliyetoa jibu ni mama mmoja aliyekuwa akiuza mtindi na matango kwenye kibaraza cha lango, chini ya turubai. Alifunika sufuria yake, akachomeka pindo la sari kiunoni, akapanda juu ya jiwe na kupiga ukelele, "Thamba!", yaani simameni. Kisha akaanza kutuchagua mmoja mmoja kwa kidole: wanaume waegemeze migongo ukutani, wenye watoto washuke kwanza kwa mstari mmoja, walioko chini ya lango wageuke warudi walikotoka. Mwenzetu wa Satara akamwitikia, "Ho, mavshi," kama mtu anavyomwitikia mama yake mdogo, akawa anayarudia maneno yake kwa Kihindi kwa ajili ya wasiojua Kimarathi. Kijana mmoja alilalamika kwamba ametoka Mumbai na hawezi kurudi bila kufika juu. Mama alimjibu jambo lililowachekesha watu wote waliosikia, na ambalo mwenzetu alikataa katakata kututafsiria. Ilichukua muda mrefu kuliko safari yetu ya treni, lakini yule mtoto alishushwa salama, na sisi tukashuka bila kuuona mwisho wa ngazi wala Vinchukata, ule mwamba mrefu mwembamba unaofananishwa na mkia wa nge. Kabla ya kuondoka tulinunua mtindi wake, japo tulikuwa tunatetemeka kwa baridi. Alituuliza, "Kwa nini mnakuja wote Jumapili? Jumanne hapa ninakaa na mbuzi."

Julai 2023 ilisambaa video ya umati uliokwama kwa saa kadhaa katika ngazi zile zile. Mwaka uliofuata, Juni 30, watu watano wa familia moja, wengi wao watoto, walisombwa na maji kwenye maporomoko karibu na bwawa la Bhushi hapo Lonavala, na uongozi wa wilaya ya Pune ukatoa amri za kuwazuia watu kukaribia maeneo ya namna hiyo. Nilipozisikia amri hizo nilikasirika, na hasira ile ndiyo iliyoniandikia lile "hapana" la mwanzo. Niliona kwamba anayeadhibiwa ni yule mama wa mtindi, ambaye kipato chake kikubwa huja katika miezi hii michache.

Hata hivyo, kadiri ninavyoandika ndivyo hoja yangu inavyopungua nguvu. Majeshi ya Wamaratha yenyewe kwa kawaida hayakwenda vitani wakati wa mvua; yalingoja hadi baada ya sikukuu ya Dasara. Tena Julai 2023, usiku, mlima uliporomoka juu ya kitongoji cha Irshalwadi, chini ya ngome ya Irshalgad, na waliofukiwa hawakuwa watalii bali wenyeji waliolala majumbani mwao. Wasomaji wa Katesh, walioona tope la Mlima Hanang likifukia nyumba, hawahitaji kuelezwa jambo hilo. Kufunga njia ya watalii kusingewaokoa watu wale, na sitaki swali la jarida litusahaulishe kwamba wapo wanaoishi chini ya mlima mwaka mzima.

Basi, mkinilazimisha kupiga kura, nitapiga kura ya kufunga, jambo ambalo sikulitarajia nilipoketi kuandika. Lakini nafunga Jumamosi na Jumapili tu za Julai na Agosti, mara idadi fulani ikishapita lango la kwanza, na amri itaje njia na lango badala ya kufunika wilaya nzima. Siku za kazi ziachwe wazi, ila siku ambazo idara ya hali ya hewa imetoa tahadhari ya juu. Anayesimama langoni awe mwenyeji wa kijiji anayelipwa, kwa kuwa askari aliyeletwa kutoka mjini hajui ni ngazi ipi huanza kupitisha maji kwanza. Kilimanjaro siiingizi humu, kwa sababu kule hupandi bila kusajiliwa langoni na kuwa na mwongozaji. Hofu yangu iko kwa yale maporomoko ya vijijini kwetu ambako magari hujaa siku ya sikukuu na hakuna anayehesabu watu, na kwa hayo sijui kama nina haki ya kupendekeza amri kabla ya kuwauliza wanaouza mahindi pale.