Tunakubaliana kwa asilimia 90, mbona msimamizi anakataa?

SWALI: Kwa utafiti wangu wa uzamili nina video za kina mama wakicheza na watoto wa miezi 9. Mimi na mwenzangu tunakata kila video vipande vya sekunde 10, kisha kila mtu kivyake anaandika kama mtoto amemgeuzia mama uso au la. Tunakubaliana kwa asilimia 90. Msimamizi anasema haitoshi. Kwa nini?

JIBU: Yuko sahihi. Mtoto kugeuza uso ni jambo la nadra, na jambo la nadra huipamba asilimia.

Chukua vipande 100. Tuseme viwili nyote mmeandika "amegeuka", 88 nyote "hajageuka", na kumi mmepishana, vitano huku vitano kule. Hiyo ndiyo 90 yako. Lakini kila mmoja kaandika "amegeuka" mara 7 tu. Mngeweka alama kwa kubahatisha kwa kiwango hichohicho, bila hata kuwasha video, mngekubaliana karibu asilimia 87! Macho yenu yameongeza pointi 3 tu kati ya 13 zilizobaki. 3 kwa 13 ni 0.23, na hiyo ndiyo kapa, kipimo alichokitoa Jacob Cohen mwaka 1960. (Si kapa ya kutoka kapa, ingawa hapa zimekaribiana.) Mimi chini ya 0.60 sianzi uchambuzi.

Msikimbilie kurudia video zote. Kaeni na vile kumi mlivyopishana. Niliwahi kusimamia jozi iliyogombana kwa sababu ya mlango: umefunguliwa, mtoto akatazama huko. Mmoja akaandika amegeuka, mwenzake akasema amevutwa na sauti tu. Wote walikuwa na hoja. Mwongozo ndio ulikuwa kimya. Tukaongeza sentensi moja: akigeukia sauti iliyosikika wakati huohuo, isihesabiwe.

Kisha jipimeni kwa video mpya, maana zile mlizojadili mmeshazikariri. Na msiache baada ya kufaulu. Macho huzoea, kila mtu akaanza kuwa na mwongozo wake kichwani. Hadi mwisho wa kazi, video moja kati ya tano ipitiwe na wote wawili, bila kujua ni ipi.

Ukija kujumlisha idadi kwa kila mtoto, weka kapa kando. Kapa ni ya alama za "amegeuka" au "hajageuka"; kwa idadi tumia kile ambacho programu za takwimu hukiita ICC, kipimo cha jinsi namba zenu wawili zinavyolingana.