Kuona setilaiti kwa macho matupu: saa kwanza, vifaa baadaye

Kila anayesikia kwamba napenda kutazama setilaiti huniuliza natumia darubini gani. Situmii, na wewe usinunue kwa ajili ya kazi hii. Darubini huonyesha kipande kidogo mno cha anga, na setilaiti haisubiri; ukimaliza kuielekeza, mwenzio ameshapita. Unachohitaji ni macho yako, mahali penye anga la wazi, na zaidi ya yote, kutoka nje kwa saa inayofaa.

Saa ndiyo inayowaangusha wengi. Mtu anangoja hadi usiku wa manane akidhani kwamba giza likizidi ndipo ataona zaidi, anakesha, haoni kitu. Setilaiti haing'ai kwa taa zake. Tunachokiona ni mwanga wa jua unaopiga mwili wake na paneli zake za sola, ukarudi kwetu. Kwa hiyo lazima huku chini giza liwe limeingia, na kule juu jua liwe bado linaimulika. Hali hiyo hupatikana saa moja hadi mbili baada ya jua kuzama, na tena kwa muda kama huo kabla halijachomoza. Katikati ya usiku, setilaiti za karibu huwa zimefichwa na kivuli cha Dunia. Walio mbali na ikweta hupata nafuu katika majira ya joto, kwa sababu jua lao halishuki sana chini ya upeo wa macho na wengine huweza kuziona hadi alfajiri. Karibu na ikweta jua hushuka wima, na nafasi ni fupi.

Anza na Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu. Ni kikubwa, kimekuwa na watu ndani yake bila kukatika tangu Novemba 2000, na kinapita kwenye kimo cha kilomita 400 hivi. Kikipita vizuri hushinda nyota zote kwa mwangaza, hata ukiwa mjini katikati ya taa. Nyakati zake hutolewa bure na NASA, na tovuti ya Heavens-Above huorodhesha pia setilaiti nyingine nyingi. Weka mahali ulipo kwa usahihi, kisha usome mambo matatu: saa, upande kitakapotokea, na kimo kwa nyuzi. Nyuzi 90 ni utosini kabisa. Nyoosha mkono wako, kunja ngumi: upana wake ni kama nyuzi 10. Mimi sihangaiki na mpito usiofika nyuzi 30, maana miti na majengo hula nusu yake. Kuhusu mwangaza, orodha huupa namba, na ikiwa ndogo ndiyo bora. Yenye alama ya kutoa ni kitu cha kumwitia jirani.

Angalia ratiba siku hiyohiyo. Kituo husukumwa juu mara kwa mara kwa injini ili kisishuke, kwa hiyo orodha uliyoihifadhi wiki iliyopita inaweza kukupotosha. Na dira ya simu usiiamini sana. Kasha lenye sumaku linatosha kuivuruga. Kumbuka tu jua lilikozama, ndiko magharibi, kisha ujipange kuanzia hapo.

Mara nyingi kituo huibuka kutoka upande wa magharibi, kusini kidogo au kaskazini kidogo. Mwanzoni ni nukta hafifu chini karibu na upeo, hata huna uhakika nayo. Dakika mbili baadaye iko juu, nyeupe yenye umanjano, inakwenda bila sauti na bila kupepesa, kwa kasi ya takriban kilomita 28,000 kwa saa. Kisha, huku anga la mashariki likiwa safi bila wingu, inaanza kufifia. Hapo wageni hulalamika kwamba wingu limeiziba. Hapana, imeingia kivulini: wale waliomo ndani wameshuhudia jua likizama. Ukiwa na darubini ndogo ya macho mawili, ya kushika mkononi, itazame sekunde hizo za mwisho, utaona rangi ikigeuka wekundu kabla haijazimika. Kwangu huo ndio utamu wenyewe, kuliko hata ule mwangaza wa utosini. Alfajiri mambo hugeuka: setilaiti hujitokeza ghafla katikati ya anga, ikitoka kivulini.

Kituo hukamilisha mzunguko kwa dakika 90 hivi, kwa hiyo ukikiona mapema jioni, angalia orodha kama kuna mpito wa pili siku hiyo. Huwa mfupi, chini upande wa magharibi, lakini mtoto aliyechelewa kutoka nje atakushukuru.

Kuhusu kutofautisha: ndege ina taa nyekundu na kijani, na nyingine zinazomwekamweka. Kimondo huisha kabla hujamaliza kunyoosha kidole. Nukta isiyo na rangi inayowaka na kufifia kwa mpangilio huenda ikawa mwili wa roketi iliyokwisha kazi, ukibiringika. Nayo nyota ukiikodolea macho muda mrefu itaonekana kusogea. Ilinganishe na ncha ya nguzo au paa, utajua mara moja kama imetulia.

Halafu kuna ile mistari ya taa, shanga kwenye uzi, inayofanya makundi ya WhatsApp yajae maswali kuhusu viumbe wa ajabu. Hizo ni Starlink, setilaiti za intaneti za kampuni ya SpaceX, zilizorushwa karibuni. Kundi la kwanza la 60 lilirushwa Mei 2019, na tangu hapo zimefuata nyingi mno. Mstari huonekana siku chache tu, kisha setilaiti hupanda juu zaidi, zikatawanyika na kufifia.

Ukishazoea, tafuta Tiangong, kituo cha anga cha China, kisha Hubble, darubini inayoizunguka Dunia. Hubble haitoki mbali na ukanda wa tropiki, kwani njia yake imeinama nyuzi 28.5 tu kutoka ikweta. Aliye London hawezi kuiona kabisa. Ni hafifu kuliko kituo, kwa hiyo siku hiyo kaa mbali na taa na uache simu mfukoni dakika ishirini hivi kabla haijapita, macho yazoee giza.